Silinda ya Tatu

Taa iliwaka Jumanne, Mtaa wa Elgin, Sudbury,
ya njano, umbo la injini,
kama birika lililochorwa na mtoto asiyewahi kuona chai.
Kwanza ikatulia. Kisha ikaanza kupepesa,
na Korola ikatetemeka kama mbwa aliyetoka majini.

Nina dola sitini na moja hadi Ijumaa.
Gereji ya Pelletier inataka mia na arobaini
kwa kuangalia tu.
Kuangalia! Mimi nafua mashuka ya wazee mia na kumi,
hakuna aliyewahi kunilipa kwa kuyaangalia.

Umulikapo nyoka, anzia miguuni pako:
nikaanza na kifuniko cha tangi. Kimekaza.
Kijiti cha oili: ipo, nyeusi, lakini ipo.
Waya wa betri haujalegea.
Hapo ndipo elimu yangu ilipoishia.

Tuulikki wa ghorofa ya chini, dereva wa basi la shule,
anacho kile kidude cha kusomea magari.
Hukifunga kwa taulo la jikoni kama mkate wa moto.
"Kirudi kabla ya saa kumi na mbili," akasema,
"na usinisimulie. Nitaanza kusikia langu nalo linaumwa."

Chini ya usukani kuna tundu ambalo kwa miaka tisa sikulijua.
Nikachomeka. Kikafikiri.
P, sifuri, tatu, sifuri, tatu.
Yaani silinda ya tatu haichomi.
Kwa nini, hakisemi. Ni mmbeya kama wambeya wote:
humtaja mtu, sababu akakuachia.

Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Spana namba kumi, inayopotea katika kila nyumba duniani,
ilikuwa kwenye droo ya vijiko.
Ukivaa glavu hushiki kitu; ukivua, chuma kinakushika wewe.
Nikavaa moja, nikavua moja, nikatukana kwa Kifaransa.

Koili ni nne, zimesimama
kama watu kwenye foleni ya benki.
Ya tatu nikaing'oa, nikaiweka mahali pa ya kwanza;
ya kwanza nikaipeleka kwa tatu.
Ujanja wote ni huo, hauna risiti:
mhamishe mshukiwa, uone kosa litabaki na nyumba
au litamfuata mpangaji.

Nikafuta msimbo. Nikazunguka kanisa mara tatu,
hita nimeizima nipate kusikia.

Hata mimi nimehamishwa.
Ghorofa ya pili walisema mashine zinafia mikononi mwangu.
Wakanipeleka ya nne. Kisha chini kabisa, zamu ya usiku.
Hakuna aliyerudi ghorofa ya pili kutazama
kama mashine za pale zilipona.

Taa ikapepesa.
P, sifuri, tatu, sifuri, moja.
Nikaupiga usukani kwa furaha, honi ikalia,
padre akatoka na koleo lake la theluji. Nikampungia.
Ni koili! Plagi haina hatia. Silinda haina hatia.

Kwenye makaburi ya magari, nje ya mji,
kuna Korola iliyopondwa nyuma, mbele haina habari.
Kwenye kiti, glavu ya mtoto, nyekundu, ya mkono wa kushoto.
Sikuigusa. Nikang'oa koili.
"Ishirini," akasema Gaëtan. Nikamwonyesha vidole vilivyochunika.
"Kumi na nane."
Nikaipachika palepale, boneti ikinikinga upepo.

Saa kumi na mbili kasoro dakika nne
nikarudisha kidude ndani ya taulo lake, na mayai manne juu.
Tuulikki alinitazama usoni, akapokea mayai.

Usiku, njiani kwenda kazini, pale palipokuwa na taa ni peusi.
Napatazama kuliko ninavyotazama barabara.
Zimebaki dola arobaini na tatu.
Na kule chini mashine ya sita imeanza kugonga.
Kabla msimamizi hajafika
nimehamishia mzigo wake kwenye ya tano,
nimesimama katikati yao, nasikiliza.